Kukaa na watu, kuchimba, kusikiliza au kupima vinasaba: njia nne za kuuelewa utamaduni wa pwani ya Waswahili

Mtu anayetaka kuuelewa utamaduni wa watu wa pwani, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu wa historia, au mzaliwa wa Lamu, Mafia au Ngazija anayetaka kujua habari za wazee wake, hukuta mbele yake taaluma kadhaa, na kila moja inadai kuwa na jibu. Mwanaanthropolojia humwambia akae na watu. Mwanaakiolojia humwambia achimbe. Mwanaisimu na mkusanyaji wa masimulizi humwambia asikilize. Mwanajenetiki humwambia apime mifupa. Kwa kuwa ni wachache mno wenye umri na fedha za kuzifuata zote kikamilifu, hana budi kuchagua, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya yule aliyekwama katika uchaguzi huo.

Nimechukua pwani ya Waswahili, kuanzia Barawa hadi kaskazini mwa Msumbiji pamoja na Komoro, kuwa uwanja wa ulinganisho kwa sababu moja. Hapa njia zote nne zimefanya kazi juu ya swali lile lile, yaani Waswahili ni nani na miji yao ilitokana na nini, zikapingana waziwazi, kisha zikasahihishana. Si jamii nyingi duniani zilizochunguzwa kwa namna hiyo.

Vigezo vya kuzilinganisha ni vinne: kila njia inajibu swali la aina gani, inatumia ushahidi gani, ni jambo gani haiwezi kuliona hata ikifanywa kwa ustadi, na inadai muda, fedha na idhini kiasi gani. Kabla ya hayo ni vema tuafikiane juu ya neno lenyewe. Mwanaanthropolojia Mwingereza Edward Tylor alieleza mwaka 1871 kwamba utamaduni ni ile jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo mwingine ambao mtu huupata kwa kuwa mwanajamii. Uzito wa maelezo hayo uko katika kule kuupata: utamaduni hufundishwa na kujifunzwa, haurithiwi katika damu. Anayelisahau hilo atazisoma vibaya njia zote nne, na ile ya mwisho kuliko zote.

Swali ambalo kila njia hulijibu

Ethnografia, yaani kukaa na watu na kushiriki maisha yao huku ukiandika unayoyaona na kuyasikia, hujibu swali la maana. Watu wanalitendaje jambo fulani, na wao wenyewe wanalielewaje? Bronisław Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, ndiye aliyechangia zaidi kuifanya kawaida ya taaluma kwamba mtafiti ajifunze lugha ya wenyeji na akae nao muda mrefu. Pwani yetu ina mifano mizuri. Abdul Hamid el-Zein, mwanaanthropolojia kutoka Misri, aliwachunguza watu wa Lamu na kueleza jinsi waungwana, masharifu na vizazi vya waliokuwa watumwa walivyovutana juu ya nani mwenye haki ya kuusemea Uislamu wa mji. Pat Caplan alifika kaskazini mwa kisiwa cha Mafia mwaka 1965 na kurudi tena na tena kwa miongo kadhaa. Alionyesha kwamba huko mtu aliweza kudai nasaba kwa upande wa baba na kwa upande wa mama, kwa hiyo akawa na haki katika zaidi ya kundi moja la ukoo, na akachagua ni lipi alitilie nguvu kulingana na haja zake, ikiwemo haja ya ardhi ya kulima. Mivutano na chaguzi za namna hiyo haziachi alama ardhini wala katika mifupa.

Akiolojia hujibu maswali ya lini, wapi na kwa vitu gani. Watu walijenga nini, walikula nini, walifanya biashara na nani, na mabadiliko yalikuja kwa ghafla au polepole?

Njia ya lugha na masimulizi ina mikono miwili ambayo nimeiweka pamoja kwa kuwa yote husikiliza maneno. Isimu linganishi huuliza lugha ipi ina undugu na ipi, na ziliachana kwa utaratibu gani. Ukusanyaji wa masimulizi, tarihi (yaani historia za miji zilizoandikwa zamani) na tenzi huuliza jamii inajielezaje asili yake.

Jenetiki hujibu swali jembamba kuliko yote, na ndani ya wembamba huo hulijibu kwa nguvu: nani alizaa na nani, takriban lini, na wazazi hao walitoka upande gani wa dunia.

Ushahidi na jinsi unavyopatikana

Ushahidi wa ethnografia ni daftari la mtafiti: mazungumzo, michoro ya nasaba, hesabu za mahari, maelezo ya maulidi na mazishi, na kauli ambazo watu hutoa wanapogombana. Nguvu yake ni kwamba mtafiti huweza kurudi kwa mtu yule yule na kumwuliza kwa nini alisema hivi jana na leo anasema vile. Si lazima mtafiti huyo awe mgeni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin kuanzia mwaka 1900, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maelezo ya desturi za Waswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha Ujerumani mwaka 1903. Maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiswahili, na mtu anayezijua desturi hizo tangu utotoni, miaka mingi kabla ya Malinowski kwenda Trobriand. Naona ni kosa kwamba vitabu vingi vya utangulizi wa anthropolojia huanza hadithi ya taaluma hii bila kumtaja.

Ushahidi wa akiolojia ni matabaka ya udongo na vilivyomo ndani yake: vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya samaki, punje zilizoungua, sarafu, na misingi ya majengo. Tarehe hupatikana kwa kulinganisha vyombo ambavyo umri wake unajulikana, kama vigae vya kutoka Uchina na Uajemi, na kwa kupima kaboni-14 katika makaa na mbegu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifuatilia msikiti wa Ijumaa kutoka juu kwenda chini, na chini ya kuta za matumbawe zikaonekana alama za misikiti midogo ya miti na udongo, ya awali kabisa ikiwa ya karne ya 8, iliyojengwa upya mara nyingi mahali pale pale. Mtu akiusoma mfuatano huo hahitaji ufasaha wa mwandishi ili aelewe kwamba mji ulikua kutoka ndani yake wenyewe.

Katika isimu, ushahidi ni ulinganifu wa sauti, ngeli na msamiati. Derek Nurse na Thomas Spear walieleza mwaka 1985 jinsi Kiswahili kilivyo ndugu wa Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana katika kundi liitwalo Sabaki, moja ya makundi ya lugha za Kibantu. Wingi wa maneno ya Kiarabu haubadilishi jambo hilo, kwa kuwa undugu wa lugha hupimwa kwa sarufi na msamiati wa msingi, wala si kwa maneno ya biashara, dini na utawala ambayo lugha yoyote ya bandarini hukopa. Kwa upande wa masimulizi, mfano mkuu ni tarihi ya Kilwa, inayojulikana kupitia muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552 na kupitia nakala ya Kiarabu iliyoko London. Tarihi hiyo husimulia jinsi Ali bin al-Hasan alivyofika na jamaa zake kutoka Shiraz, mji wa Uajemi, kwa merikebu, akakinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka.

Ushahidi wa vinasaba hutoka katika mifupa ya kale, hasa sehemu ngumu ya fuvu inayozunguka sikio la ndani, ambako vinasaba huhifadhika vizuri zaidi kuliko kwingineko. Joto na unyevu wa pwani huviharibu haraka, ndiyo maana matokeo ya eneo hili yalichelewa kulinganishwa na yale ya Ulaya. Mwezi Machi 2023 timu iliyowajumuisha Chapurukha Kusimba, Esther Brielle na David Reich ilitoa matokeo ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Katika wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika ambao wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia. Katika sehemu hiyo ya Kiasia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia takriban mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 chanzo cha Kiasia kikazidi kuwa cha Uarabuni.

Kile ambacho kila njia haikioni

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, maana kila njia ikifanywa vizuri ina sifa zake, lakini upofu wake hubaki hata mikononi mwa mtaalamu.

Tuanze na akiolojia, kwa kuwa kosa lake la zamani limetuachia madhara ya muda mrefu. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Kilwa katika miaka ya 1960. Wote wawili walifanya kazi kubwa ambayo bado inatumika, na wote wawili walielekea kuyasoma magofu ya mawe kuwa kazi ya walowezi kutoka ng'ambo. Udongo wenyewe haukusema hivyo. Walichimba pale palipoonekana kuta, na kuta zilikuwa za misikiti, majumba na makaburi ya matajiri; nyumba za miti na udongo, ambamo wakazi wengi waliishi, hazikuonekana juu ya ardhi, kwa hiyo hazikuingia katika hesabu. Uchunguzi wa baadaye, kama ule wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher huko Pemba uliotafuta vijiji na si magofu tu, na kazi za Felix Chami kuhusu vyungu na ufuaji chuma wa jamii za awali za pwani, ulibadili picha hiyo. Hata hivyo akiolojia itabaki na udhaifu mmoja wa asili: kigae hakina kabila. Chungu huonyesha namna ya kufinyanga, na namna hiyo huweza kuhama kutoka jamii moja hadi nyingine bila watu kuhama.

Isimu ilisaidia kulisahihisha kosa hilo la kuihesabu miji kuwa kazi ya walowezi, lakini katika kulisahihisha baadhi ya wataalamu walivuka mpaka. Kwa kuwa lugha ni ya Kibantu na miji ilikua polepole kutoka vijijini, wanahistoria kadhaa wa miaka ya 1980 walieleza kwamba habari za Shiraz zisichukuliwe kama kumbukumbu ya watu waliovuka bahari, bali kama lugha ya hadhi ambayo koo za watawala zilijipamba nayo, au kama kumbukumbu ya watu waliotoka pwani ya kaskazini kwenda kusini. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Udhaifu wake ni kwamba lugha hufuata wanaomlea mtoto, wala haihesabu wazazi wote kwa usawa. Baba mgeni anaweza kuacha jina, nasaba na dini, na watoto wake wakakua wakisema lugha ya mama na bibi zao. Masimulizi nayo yana upofu wa kinyume: hukumbuka mstari wa baba aliyetawala na kuwasahau wanawake karibu kabisa. Katika tarihi ya Kilwa, wanawake wa Kiafrika waliowazaa masultani hawana nafasi ya maana, ilhali mifupa imeonyesha kwamba ndio waliochangia zaidi.

Matokeo ya 2023 basi yaliwarudisha wasomi kwenye tarihi kwa heshima mpya, na nadhani heshima hiyo ilistahili. Waliosimulia habari za Shiraz hawakuwa wakibuni tu. Lakini vinasaba vina upofu mkubwa kuliko vile watu wanavyodhani, na kwa kuwa huja na tarakimu huaminiwa upesi mno. Kwanza, wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya watu wenye hadhi, kwa hiyo hawawakilishi wakulima, wavuvi na watumwa waliokuwa wengi. Pili, ile asilimia 80 hadi 90 ni ya sehemu ya Kiasia peke yake, si ya mtu mzima, na anayeirudia bila sharti hilo husambaza uongo hata kama hakukusudia. Tatu, tarehe ya mwaka 1000 ni makadirio yanayotokana na urefu wa vipande vya vinasaba vilivyorithiwa, na ikiwekwa kando ya msikiti wa Shanga wa karne ya 8 huonyesha kwamba swala, biashara ya bahari na makazi ya mji vilikuwa vimeanza kabla ya mchanganyiko huo kushika kasi. Nne, na hili ndilo kubwa, hakuna kinasaba cha kupika wali, cha kutunga utenzi wala cha kumwambia mkubwa shikamoo. Vinasaba huonyesha kwamba mwanamume wa Uajemi na mwanamke wa pwani walizaa. Havisemi kama walioana kwa ridhaa, kwa mkataba wa kibiashara au kwa nguvu, na wala havisemi mtoto wao alijiita nani.

Kujiita nani ni uwanja wa ethnografia. Neno Mshirazi liliishi Zanzibar kama utambulisho wa watu wengi wasiodai kuwa wageni hata kidogo, kiasi kwamba mwaka 1957 liliingia katika jina la chama, Afro-Shirazi Party. Anayetaka kuelewa maana hiyo atawahitaji watu walio hai pamoja na nyaraka za siasa zao. Upofu wa ethnografia ni wa namna mbili. Mtafiti huona kipindi kimoja, na ni rahisi akadhani kwamba alichokikuta mwaka ule ndivyo kilivyokuwa siku zote. Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni waliandika hivyo, kana kwamba jamii za Afrika hazikuwa na historia. Tena, mlango anaofunguliwa hutegemea yeye ni nani. Mwanamume hataketi na wanawake wanapomfunda bi harusi, kijana hataambiwa yale ambayo wazee huambiana, na mgeni huelezwa desturi kama inavyotakiwa kuwa kuliko inavyofanyika. Mzaliwa wa mahali naye ana tatizo lake: mengi ameyazoea hata hayaoni kuwa ya kuandikwa, na majirani humsoma kwa ukoo wake kabla hajauliza swali la kwanza. Jomo Kenyatta, aliyesoma anthropolojia London chini ya Malinowski na kuandika juu ya Wakikuyu wenzake mwaka 1938, alionyesha jinsi mtu wa ndani anavyoweza kuieleza jamii yake kwa mamlaka. Alionyesha pia kwamba mtu huyo huandika akiwa na kesi ya kuitetea, na msomaji anapaswa kuijua kesi hiyo.

Muda, fedha na idhini

Kwa fedha, lugha na masimulizi ndiyo njia nafuu kuliko zote. Kinasa sauti, daftari na nauli vinatosha kuanza, na miswada mingi ya tenzi imehifadhiwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Nyaraka za Zanzibar. Kinachogharimu ni maandalizi: mtu asiyesoma hati ya Kiarabu hawezi kuisoma miswada ya zamani, na asiyejua isimu atachukua ufanano wa bahati kuwa undugu. Ethnografia ni nafuu kwa vifaa na ghali kwa muda. Desturi ya taaluma ni kukaa mwaka mzima au zaidi ili kuona misimu yote, Ramadhani na siku za kawaida, kusi na kaskazi. Akiolojia hudai timu, kibali cha mambo ya kale, mahali pa kuhifadhi vilivyopatikana, na miaka ya uchambuzi baada ya uchimbaji kwisha, tena shimo likichimbwa vibaya halichimbiki tena. Jenetiki ni ghali kuliko zote, na maabara zenye uwezo wa kusoma vinasaba vya kale nyingi ziko Ulaya na Marekani, jambo linalomfanya mtafiti wa Afrika Mashariki kuwa mshirika katika timu kubwa badala ya kuwa bwana wa mradi.

Kwa vibali rasmi, Tanzania Bara mtafiti hupitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na Kenya hupitia tume kama hiyo iitwayo NACOSTI, na uchimbaji huhitaji idhini ya ziada ya mamlaka za mambo ya kale. Lakini kibali cha serikali si idhini ya watu. Katika ethnografia, idhini hutafutwa kila siku upya, kwa kuwa anayesimulia ugomvi wa urithi leo anaweza kujuta kesho. Katika jenetiki anayepimwa amekufa, kwa hiyo wanaopaswa kuulizwa ni walio hai wanaomhesabu kuwa wao: wazee wa mji, maimamu, koo. Hatua hiyo haiwezi kurukwa kwa hoja kwamba mfupa umekaa miaka 500.

Na tusisahau kwa nini watu wana wasiwasi. Katika enzi ya ukoloni wa Kijerumani mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalikusanywa na kupelekwa Berlin, mengi yakiingia katika mkusanyiko wa mwanaanthropolojia Felix von Luschan, ili yapimwe kwa nia ya kuwapanga wanadamu katika mbari. Takriban mafuvu 1,100 kutoka nchi ambazo leo ni Rwanda, Tanzania na Kenya yalichunguzwa upya katika miaka ya hivi karibuni kujua yalikotoka. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba ulinganisho wa vinasaba umewezesha kutambuliwa kwa jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu wa eneo la Kilimanjaro. Sayansi iliyotumiwa kuwadhalilisha watu hao imetumika kuwarudishia majina na ndugu. Sidhani kwamba la pili linalifuta la kwanza, ila linaonyesha kwamba chombo kimoja hufanya kazi tofauti kabisa kulingana na anayekishika na anayeulizwa kwanza.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi michache na fedha kidogo, na Kiswahili ni lugha yako, anza na lugha na masimulizi. Chagua mji mmoja, kusanya namna tatu au nne za kusimulia asili yake kutoka kwa koo tofauti, kisha chunguza zinapopishana. Mahali zinapopishana ndipo penye utafiti. Pale zinapokubaliana kwa kila neno, jihadhari, kwa maana huenda wasimulizi wote wamesoma kitabu kimoja.

Ikiwa swali lako linahusu jambo linaloendelea sasa, kama vile nani anaruhusiwa kusoma maulidi, kwa nini mahari yamepanda, au vijana wa Mafia wanaelewaje uvuvi katika eneo la hifadhi, hakuna njia itakayoshinda kukaa na watu. Usiichague kama huna muda. Wiki mbili za mahojiano hazifanyi ethnografia, na ni afadhali kuziita mahojiano.

Ikiwa unataka kuzungumzia yaliyokuwapo kabla ya Wareno kufika, akiolojia ndiyo nguzo, na njia salama ya kuingia ni kujiunga na timu iliyoko kazini au na idara ya chuo, si kuanza na shimo lako. Mtu mwenye moyo wa kazi za nyumbani, mapishi na maisha ya watu wasioandikwa atapata raha huko Songo Mnara na miji kama hiyo, ambako watafiti wamechunguza hata udongo wa sakafu na wa nyua za nje kujua ni shughuli gani zilifanywa wapi.

Jenetiki inamfaa aliyejenga msingi wa biolojia na takwimu, mwenye swali la kuhama na kuoana ambalo njia nyingine zimelifikisha ukingoni bila kulijibu. Inawavuta pia wasomaji wa aina nyingine, wengi wao wakiwa Muscat, London au Toronto, ambao hununua kipimo cha mate ili wajue kama wao ni Waajemi, Waarabu au Wamakonde. Kwao nina neno la tahadhari. Vipimo hivyo hulinganisha mate yako na sampuli za watu wa leo zilizomo katika hazina ya kampuni, na sampuli za Afrika katika hazina nyingi ni chache. Kipimo kinaweza kukupa fununu ya wahenga. Hakiwezi kukwambia wewe ni wa utamaduni gani, wala hakiwezi kumnyang'anya bibi yako nasaba aliyokusimulia.

Mwenye nia ya kulinganisha tabia za jamii nyingi, mathalan ukarimu au ushirikiano, hatatoshelezwa na yoyote kati ya hizi nne, na ni bora atazame majaribio yanayofanywa kwa utaratibu mmoja mahali pengi. Joseph Henrich na wenzake walitoa mwaka 2001 matokeo ya michezo ya kugawana fedha katika jamii 15, wakiwemo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya, wakaonyesha kwamba kiwango cha kugawa hutofautiana sana kutoka jamii hadi jamii. Waorma walipoelezwa mchezo mmojawapo wa kuchangia mfuko wa pamoja, walisema mara moja kwamba hiyo ni harambee. Jaribio hilo lilieleweka zaidi kwa sababu mtafiti aliyelisimamia, Jean Ensminger, alikuwa amekwisha kuishi nao miaka mingi na alijua harambee ina uzito gani kwao.

Mwalimu wa sekondari, kwa upande wake, hahitaji kuchagua njia ya kutafiti bali jozi ya kufundishia. Ningempendekezea aiweke tarihi ya Kilwa kando ya matokeo ya 2023, awaulize wanafunzi ni nani ametajwa katika la kwanza na nani ameonekana katika la pili, kisha awaletee mfuatano wa misikiti ya Shanga na kuwauliza tarehe zinasemaje. Mwanafunzi wa uzamili aliyefikia hapo bila kuamua, na ambaye chuo chake kinaruhusu wasimamizi wawili, atazame jozi ya akiolojia na masimulizi kwanza: wazee wa vijiji vilivyo karibu na magofu mara nyingi wana majina ya visima, makaburi na mitaa ambayo hayamo katika ramani ya mchimbaji yeyote, na kuyaandika majina hayo kunahitaji mtu anayejua kuuliza kwa adabu na kuchora ramani.